Maswali ya Wasomaji: Alichapwa kwa Kukataa Karatasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Ng'ambo, Tabora. Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya babu. Tulipofungua kasha lake la bati tukakuta bulungutu la karatasi ngumu za rangi ya kaki, zenye maandishi ya Kidachi, yaani Kijerumani, zimefungwa kwa uzi wa katani, pamoja na sarafu moja ya rangi ya njano yenye taji, namba 20 na herufi T. Zilikuwa za baba yake babu, Mmanyema aliyekuwa na kibanda cha nguo na chumvi karibu na soko kabla Wabelgiji hawajaingia. Tangu utotoni tunasimuliwa kwamba Mdachi alimchapa viboko mbele za watu kwa sababu alikataa kupokea hizo karatasi.

Sasa nyumbani hapakaliki. Baba mdogo anasema mzee alikuwa mlanguzi, alificha fedha wakati watu wanakufa njaa, alipata alichostahili, na hiyo si habari ya kuwasimulia watoto. Shangazi anasema alionewa. Juu ya hayo amekuja dalali anayetaka kuchukua bulungutu zima kwa shilingi elfu hamsini. Tuambie, Mwalimu: karatasi hizi ni nini, mzee alikosa au hakukosa, na je, Ujerumani inaweza kudaiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Dalali mwambie asubiri. Nianze na mzee wenu, maana habari yake imenifanya niweke kando barua nyingine nyingi.

Hizo ni noti za muda za Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Kijerumani. Chukua moja uisogeze dirishani. Utaona neno Interims-Banknote, kisha mahali pa kutolewa, Daressalam/Tabora, na tarehe ya mwaka 1915 au 1916. Chini kuna sahihi mbili, na kwenye baadhi ya noti za rupia moja sahihi hizo zilitiwa kwa kalamu na wino, moja baada ya nyingine. Ninazo chache nyumbani. Moja ni ya karatasi nene kama gamba la daftari, nyingine imechapwa kwenye karatasi ya kufungia bidhaa na ukiipapasa unasikia nyuzi vidoleni. Noti za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zilichapwa Ujerumani, nzuri, zenye michoro ya simba na picha ya Kaisari, mfalme wa Ujerumani. Hizi zilichapwa humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana.

Sasa mtafute mtu anayejua Kijerumani akusomee maneno ya katikati. Yanasema kwamba benki itamlipa yeyote atakayeileta noti ile, bila kumuuliza yeye ni nani, katika kaunta zake zilizomo ndani ya koloni. Hayo maneno "ndani ya koloni" yashike, tutayahitaji.

Kwa nini mfanyabiashara azikatae? Rupia ya Kijerumani ya fedha ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu 917 zilikuwa fedha tupu. Ni uzito na usafi ule ule wa rupia ya India. Mtu wa Tabora aliyekuwa nayo mkononi alijua kwamba Unguja wataipokea, na Bombay wataipokea, na hata serikali iliyoipiga ikianguka kesho, sonara ataichukua kwa uzito wake. Noti ya muda haikuwa na kinga hiyo. Thamani yake ilisimama kwenye jambo moja tu, Mdachi aendelee kuwapo. Mwenye duka aliyepokea karatasi alikuwa anamkopesha Kaisari, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda kumkopesha.

Vita vilianza Agosti 1914. Machi 1915 manowari za Kiingereza zikaufunga mwambao wote. Hapo kabla, reli ya kati ilikuwa imeleta neema kubwa Tabora: treni ilifika mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma Februari 1914, na maduka yakaota kando yake, ya Wahindi, ya Waarabu, ya Waswahili waliotoka pwani na ya Wamanyema kama mzee wenu. Merikani, kaniki, sukari, sindano, vyote vilitoka ng'ambo kwa meli. Mwambao ulipofungwa, kila doti iliyouzwa haikuwa na nyingine nyuma yake.

Wakati huo huo jeshi lilikuwa linakula kwa mikono miwili. Askari walitaka mshahara, wapagazi posho, na nafaka ilinunuliwa au kuchukuliwa kwa magunia. Fedha iliyotoka hazina haikurudi. Aliyeipata aliificha: tajiri kwenye sanduku la chuma, mkulima chini ya sakafu, mama kwenye chungu. Na haikurudi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kununua, wala hapakuwa na meli ya kuleta nyingine kutoka Ujerumani. Ndipo serikali ilipoanza kuchapa. Ikaja pia na amri: noti hizi ni pesa halali kama rupia ya fedha, na atakayezikataa ataadhibiwa.

Hebu kaa kwenye kibanda cha mzee wenu mapema mwaka 1916. Tuseme amebakiwa na doti kumi na gunia moja la chumvi. Anakuja mtu wa jeshi na noti za rupia moja moja, anataka kila kitu. Mzee akizipokea, atazipeleka wapi? Wakulima wa vijijini hawazitaki, wanataka fedha au nguo. Msafara wa chumvi hauzitaki. Mhindi wa duka la jumla naye kabanwa vile vile, anazikubali kwa amri lakini kwa bei yake ya karatasi, ambayo si bei ya fedha. Wenye maduka kila mahali walikimbilia hapo: bei mbili kwa kitu kimoja. Na bei mbili ndizo zilizowakera wenye bunduki kuliko kitu kingine, kwa sababu bei ya pili ilikuwa inasema waziwazi, bila mtu kufungua kinywa, kwamba mji hauamini kama Mdachi atashinda.

Kuhusu viboko, simulizi lenu lina mashiko. Utawala wa Kijerumani ulikuwa na agizo la mwaka 1896 lililopanga nani achapwe na kwa kiasi gani. Mwafrika angeweza kuhukumiwa hadi viboko ishirini na vitano kwa mkupuo mmoja, ndiyo ile "hamsa ishirini" ambayo wazee wetu waliitaja mpaka wanaingia kaburini, na hukumu moja iliweza kuwa na mikupuo miwili. Waarabu na Wahindi walikatazwa kuchapwa. Kwa hiyo katika soko moja, kwa kosa lile lile la kukataa noti, Mhindi angetozwa faini au kufungwa, na jirani yake Mmanyema angelazwa chini. Mimi hili linaniuma kuliko yote. Vita vya kubana na kubanwa kati ya jeshi na wenye maduka kwa kawaida husimuliwa kama habari ya Mjerumani na Mhindi, kwa sababu Mhindi aliandikiwa faili. Mfanyabiashara mweusi mwenye kibanda kimoja akaandikiwa mgongoni, kisha akasahauliwa.

Sasa nije kwa baba mdogo, kwa heshima zote. Ni kweli wafanyabiashara walificha fedha. Ni kweli bei zilipanda, na aliyeumia kwanza ni mtu asiye na kitu. Sitaki kuwapamba. Lakini njaa ya miaka ile haikutoka kwenye vibanda vya nguo na chumvi. Majeshi, la Wajerumani na yale yaliyowafukuza, yalichukua nafaka ghalani na ng'ombe zizini, na yakachukua wanaume kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo wakati mashamba yanahitaji jembe. Wengi wao hawakurudi. Ukitaka kumjua aliyemnyima mtoto uji, anza huko.

Halafu kuna ushahidi mmoja ambao umo mikononi mwenu. Mlipofungua kasha mlikuta nini? Hamkukuta rupia za fedha. Mmekuta karatasi, bulungutu zima. Baba mdogo anaweza kusema fedha aliitumia baadaye, na inawezekana. Lakini hizo noti alizipokea, tena nyingi. Kwa maana nyingine, baada ya kuchapwa alitoa mali yake na akapewa hizo. Mtu mwenye werevu wa kilanguzi angezisukuma kwa mwingine siku ile ile, kwa mkulima, kwa mpagazi, kwa mjane. Yeye zimemkalia. Kasha linamtetea kuliko ninavyoweza kumtetea mimi.

Ile sarafu ya njano nayo ni ya kwenu kabisa. Mwaka 1916 Wajerumani walifungua karakana ya kupigia sarafu kwenye majengo ya reli huko Lulanguru, nje kidogo ya mji. Walipiga heller, yaani senti za rupia: heller 20 kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, na heller 5 kwa shaba ya njano, nyingine zikitokana na maganda ya risasi na ya mizinga. Herufi T ni Tabora. Ukizipanga kumi pamoja utaona hazifanani: hii ina taji lililofifia, ile imepinda ukingo. Mashine haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mafundi walikuwa na haraka.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalikuwa yanakuja kutoka kaskazini na magharibi chini ya Jenerali Charles Tombeur. Mwenye kuongoza Wajerumani upande wa Tabora alikuwa Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja koloni kumtembelea mwanawe na vita vikamkuta huku. Baada ya mapigano makali kuuzunguka mji, Wahle akaondoka kuelekea kusini, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Sasa rudi kwenye yale maneno niliyokwambia uyashike. Benki italipa katika kaunta zake zilizomo ndani ya koloni. Asubuhi ile kaunta hazikuwapo tena. Hakuna aliyehitaji kumdhulumu mzee wenu upya. Noti yenyewe ilikuwa imekwisha kusema tangu mwanzo ni mpaka lini itakuwa pesa. Wala wageni wapya hawakuja na neema: nao walihitaji chakula na wapagazi, na walivichukua. Kisha mji ukakabidhiwa kwa Waingereza, rupia ya India ikatamba, ikafuatwa na florini, na mwaka 1921 shilingi.

Kudai Ujerumani? Nakwambia kama ningemwambia binti yangu: usimlipe wakili hata senti. Aliyeahidi kulipa ni benki ya koloni, na koloni halipo tangu vita vile. Ila kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka huwa nanyamaza kidogo. Miaka ya 1960 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee wa Kiafrika waliokuwa hai, waliompigania Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika koloni, na hawakulipwa mishahara yao hadi mwisho. Wazee wa watu wakapanga foleni, wakalipwa. Mimi siwaonei kijicho. Walistahili, na walingoja zaidi ya miaka arobaini. Lakini aliyebeba bunduki ya Kaisari alihesabiwa, na aliyevikwa deni la Kaisari kwa kiboko hakuhesabiwa. Ni deni lile lile la vita ile ile.

Kwa hiyo jibu langu kwa kikao chenu cha ukoo: mzee hakukosa. Aliona karatasi, akajua haitalipwa, akasema hapana. Alikuwa sahihi, na historia ilithibitisha ndani ya miezi michache. Watoto wasimuliwe, na wasimuliwe wakiwa wameishika noti mkononi.

Na dalali. Noti za rupia moja za mwaka 1915 na 1916 zilichapwa kwa wingi, kwa hiyo usitegemee kujenga nyumba. Lakini si zote zina hali moja, na bulungutu linaweza kuwa na noti za rupia tano, kumi, ishirini au zaidi zilizojificha katikati, na hizo ni habari nyingine kabisa. Fungua uzi taratibu, panga kwa thamani na tarehe, piga picha mbele na nyuma. Usizipige pasi, usizitie plastiki ya moto, usitumie gundi wala pini. Ziweke kwenye bahasha kavu mbali na jua. Sarafu usiisugue kwa ndimu wala majivu. Ule weusi wake ndio wanaoutafuta wanunuzi. Mkiamua kuuza baadhi, ukoo mzima uafiki kwanza, na mtake bei kwa watu zaidi ya mmoja. Anayetaka "zima zima" bila kuhesabu huwa ameshaona kitu ambacho wewe hujakiona.

SWALI: Mwalimu, toleo lililopita uligusia kwamba Wahindi wa Tabora walinyanyaswa na jeshi la Mjerumani. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba walikuwa wanyonyaji na wapelelezi wa Mwingereza. Mbona unawaonea huruma? Msomaji wa Moshi.

JIBU: Ndugu yangu wa Moshi, unyonyaji wa baadhi yao kwa mkulima sitaufuta. Kipimo cha kupunja, deni lisiloisha, hayo yamo. Lakini sikiliza mkasa ulivyokuwa mgumu. Wahindi wengi wa koloni walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Agosti 1914 wakaamka wakiwa watu wa adui, huku wao ndio wanaoshika nguo, chumvi na mafuta ya taa ya nchi nzima. Jeshi liliwatilia shaka, na lilihitaji bidhaa zao. Mtu anayekushuku huku anakula kwako ni mtu wa hatari.

Na uhasama huo haukuzaliwa na vita. Gavana Rechenberg, aliyetawala kutoka 1906 hadi 1912, aliona kwamba koloni linaishi kwa mkulima Mwafrika anayelima na duka la Mhindi linalonunua, na alijaribu kutowaumiza. Walowezi wa Kijerumani, pamoja na wale wa milimani Usambara na huko kwenu Kilimanjaro, wakamchukia kwa hilo mpaka anaondoka. Aliyekuwapo vita vilipoanza ni Gavana Heinrich Schnee, na yeye pia alivutana na Lettow-Vorbeck kuanzia siku za mwanzo. Schnee alitaka miji iokoke, biashara iendelee. Lettow alitaka vita virefu, ili Waingereza wapoteze watu na mali huku badala ya Ulaya. Kisheria gavana alikuwa juu. Kwa vitendo, mwenye jeshi alishinda karibu kila mvutano, na kila aliposhinda, duka fulani lilifungwa au ghala fulani likamwagwa.

Kuhusu upelelezi: kuwa raia wa mfalme fulani kwenye karatasi hakumfanyi mtu kuwa jasusi wake. Mwenye duka wa Tabora aliyepokea noti za Kijerumani kwa miaka miwili alikuwa ameigharamia vita ya Kaisari, akipenda asipende. Waingereza walipofika aliwaonyesha sanduku la karatasi, na karatasi zile hazikuwa pesa kwao. Ukimwita jasusi, basi mwajiri wake alimlipa vibaya mno.

SWALI: Shikamoo Mwalimu, rafiki yangu ananiuzia sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo, anasema ilifukuliwa Sikonge. Nitajuaje kama ni ya kweli? Msomaji wa Kahama.

JIBU: Marahaba. Sarafu hiyo ipo kweli. Ni rupia 15 ya mwaka 1916, iliyopigwa kwenye karakana ile ile ya Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Upande mmoja tembo amepandisha mkonga, nyuma yake kuna milima. Upande wa pili tai wa Kijerumani. Zilipigwa 16,198 tu, na kwa uchache huo ndiyo maana za bandia zimejaa.

Nenda naye kwa sonara mwenye mizani nzuri ya dhahabu, wewe ukiwapo, sarafu isitoke machoni pako. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.168 na upana wa takriban milimita 22. Dhahabu yake ni robo tatu, yaani karati 18. Ikiwa mizani inasoma gramu tano, au nane na nusu, mrudishie rafiki yako kwa upole. Ikiwa inasoma sawasawa, bado usilipe. Bandia nzuri nazo hupimwa. Tazama herufi T chini ya tembo na manyoya ya tai kwa lenzi, ulinganishe na picha kubwa ya sarafu iliyothibitishwa. Na mwambie rafiki yako akuonyeshe mahali ilipofukuliwa na alikuwa na nani, kwa sababu vitu vya kale vilivyofukuliwa ardhini vina sheria yake hapa nchini, na hutaki kuulizwa maswali hayo na polisi baada ya kutoa pesa.